Dawa Chini ya Kilemba

Tik. Mrija mdogo wa kudondoshea dawa uligonga mdomo wa chupa gizani.

Stima ilikuwa imepotea Isiolo nzima tangu jioni, na mimi nilishukuru. Gizani hakuna kioo. Nilivua kilemba nikadondosha dawa juu ya paji, pale ambapo nywele zangu zimerudi nyuma kidogo kidogo kwa miaka ya kusukwa kwa kukazwa. Daktari wa ngozi alisema hakuna haja ya kupasuliwa. Nipumzishe kichwa, nisisukwe, nipake dawa asubuhi na jioni, nivumilie miezi. "Huenda zikarudi," alisema, na hiyo huenda nimeishikilia kama mtoto anavyoshikilia kidole cha mamake.

Shida ni kwamba Esekon, mume wangu, hakujua. Tangu nywele zianze kuisha alikuwa hajaniona bila kitambaa, hata kitandani. Niliogopa macho yake.

Mlango ukafunguka. Alikuwa ametoka soko la mifugo, ananuka mbuzi, tochi ya simu imewaka. Nikajifunika haraka.

"Mama Akiru, Jane anasema umekataa kusukwa kwa harusi yake. Eti unamringia."

"Simringii."

"Basi ni nini? Dada yangu analia huko."

Binti yetu Akiru alikuwa mkekani na sahani yake ya maharagwe. Akaacha kutafuna. Uongo nilikuwa nao tayari, wa kichwa kuniuma. Lakini Jane kulia? Nikavua kilemba.

Mwanga ukatua kichwani mwangu, ukakaa. Mimi nilitazama viatu vyake vya vumbi.

"Kumbe ni hii," alisema polepole. "Ukilala na kitambaa, mimi nilidhani umenichoka."

"Nikuchoke wewe, Esekon?"

Akagusa nywele zangu, akanusa kidole. "Lakini dawa yote iko kwa nywele. Ngozi imekauka kabisa."

"Si ni dawa ya nywele?"

"Mbuzi wa upele ukimpaka manyoya, dawa inaisha na upele unabaki. Lazima ugawanye, ufikie ngozi."

"Kwa hivyo mimi ni mbuzi."

"Mbuzi habishani hivi. Keti."

Nikaketi kati ya magoti yake. Akampa Akiru simu atumulikie, akamkanya asiguse chupa. Vidole vyake, vigumu kwa kuvuta kamba, viligawanya nywele zangu taratibu, mstari baada ya mstari. Tone moja, baridi. Kisha jingine.

"Jane nitampigia mimi," alisema. "Utaenda na kilemba, kile cha manjano. Akitaka kulia, alie na mimi."

Esekon akafunga chupa.

Akiru akasogeza mwanga karibu na sikio langu, akainama kuangalia.

"Baba, hapa umeruka."