Maji Kujaa, Kibamba

Jumamosi moja, saa nne na dakika kumi asubuhi, Mwalimu Demetria alikuwa amekaa sebuleni kwake Kibamba akichambua mchele, plasta ya nyuma ya kochi ikabanduka na bahari ikaingia. Iliingia polepole, ikamfika kwenye vifundo vya miguu. Aliinua ungo, akachomoa waya wa televisheni, akamwita mumewe.

Revelian alitoka chumbani, akachovya kidole, akaonja.

"Ya chumvi," akasema. Kisha akaanza kukohoa, maana ana pumu.

Nyumba ilikuwa na miezi kumi na minne. Waliijenga kwa kiinua mgongo cha Demetria, aliyefundisha hisabati miaka thelathini na moja, na mjenzi alikuwa Ansbert, mkandarasi mwenye kampuni, mhuri na tabasamu. Kutoka hapo mpaka ufukweni ni kilomita ishirini na ushee. Hata hivyo maji yalijaa na kupwa mara mbili kwa siku, na yakipwa yaliacha kaa wadogo chini ya friji.

Demetria alimpigia Ansbert simu.

"Mama yangu, shikamoo. Huo ni unyevu tu. Nyumba mpya zote zinatoaga unyevu."

"Kuna samaki changu kwenye droo ya vijiko."

"Fungueni madirisha."

Waliyafungua. Wiki ya pili ukuta ukapasuka kutoka dirishani mpaka sakafuni. Demetria akamleta mhandisi, dada mmoja anaitwa Sekela, ambaye alivua viatu mlangoni, akatoboa ukuta, akafikicha mchanga viganjani. Mchanga ulichotwa ufukweni, alisema, haukuoshwa hata kidogo, na bahari imeufuata. Nondo nazo zilikuwa zinaliwa na kutu. Aliandika ripoti ya kurasa tisa, akapiga picha, akaondoka kabla maji hayajajaa.

Ripoti ilikwenda kwa wakili, Bi Hamdiya.

"Mwalimu, kwanza tunampa notisi aje arekebishe," alisema wakili. "Akikaidi, tunapeleka malalamiko bodi ya makandarasi, na kesi mahakamani. Ila ukuta usiuguse. Ukiukarabati mwenyewe, umefuta ushahidi."

Demetria hakuugusa. Aliishi na ushahidi miezi ishirini na miwili. Alipandisha kitanda juu ya matofali, akabandika ratiba ya maji mlangoni mwa jikoni. Kifua cha Revelian hakikuweza. Mwezi wa tatu alihamia kwa mdogo wake Kipawa, baada ya miaka thelathini na minne ya kulala nyumba moja na mkewe. Alikuja kila Jumapili, maji yakiwa yamepwa, wakanywa chai, wakazungumza habari za watu wengine.

Notisi haikujibiwa. Bodi iliandika kwamba barua imepokelewa, na baada ya miezi mitano ikaandika tena kuuliza kama ile barua yake ya kwanza ilifika. Mahakamani, Ansbert alisimama ndani ya suti mpya akaeleza kwamba bahari ni kazi ya Mungu, na mkataba haukumbebesha kazi za Mungu. Hakimu akasema mahakama itakwenda kujionea. Wakili wa Ansbert ndiye aliyependekeza siku na saa. Naye alikuwa na ratiba ya maji, kwenye mkoba.

Walifika sakafu ikiwa kavu.

"Bahari yenyewe iko wapi?" hakimu aliuliza.

"Inarudi saa tisa na nusu, mheshimiwa," Demetria alijibu.

Hakimu alitazama saa yake. Ilikuwa saa saba, na alikuwa na shauri lingine. Karani, akiwa anaandika kwamba hakuna maji yoyote yaliyoonekana, alimsogeza pweza kwa ncha ya kiatu apate pa kusimama.

Pamoja na hayo, ripoti ya Sekela ilisimama, na Demetria akashinda. Ansbert hakukata rufaa. Dalali wa mahakama alikwenda ilipokuwa kampuni akakuta saluni. Kampuni ilifungwa wiki moja kabla ya hukumu. Lori la Ansbert lilikuwa lilelile, limeandikwa jina jingine mlangoni, na rangi haijakauka vizuri.

"Umeshinda, Mwalimu," Bi Hamdiya alisema bila kuinua uso. "Ila uliyemshinda ni kampuni, nayo haipo."

Demetria hakulia. Alimwona Ansbert kama alivyokuwa akimwona mwanafunzi aliyenakili mtihani mzima mpaka jina la mwenzake. Tofauti ni kwamba mwanafunzi yule aliambulia sifuri.

Mwezi uliofuata Ansbert akabisha hodi. Alikuwa na mume na mke, Benson na Gladness, wenye kiwanja mtaa wa pili.

"Shikamoo mama. Wateja wangu wameisikia hii nyumba, wanaomba kuiona."

Ilibaki nusu saa maji yajae. Demetria aliwakaribisha kwenye kochi. Alitaka waone vizuri. Akawaeleza yote: mchanga, nondo, kampuni iliyoyeyuka, mume aliyeko Kipawa. Waliitikia kwa heshima, pole sana mama, na Ansbert naye akasema pole.

Maji yakaja, yakawafika magotini. Gladness alikunja gauni, akapiga picha. Benson akageuka kwa mkandarasi, akamuuliza kama inawezekana bahari ikawekwa na chumbani.

"Inawezekana," Ansbert alisema. "Ila nyie niambieni mapema, nisije nikaagiza mchanga wa mtoni."