Posho ya Watu Watano

Kwa misimu miwili niliinama mbele ya Kendrell Mabry na kumpitishia mpira katikati ya miguu yangu, mara sitini au sabini kila mechi. Yeye ndiye alikuwa kotabeki wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo chetu cha Harwick: mpira ukitoka kwangu unafika mikononi mwake, na yeye ndiye anayeamua amtupie nani. Kazi yangu baada ya hapo, na ya wenzangu wanne waliosimama kulia na kushoto kwangu, ilikuwa kuwazuia watu wenye kilo mia na thelathini wasimfikie. Basi. Hakuna mtoto mjini aliyevaa fulana yenye jina la mmoja wetu, wala hatukutarajia.

Mimi ni Tobias Vrana. Baba yangu analima mahindi na soya, mwendo wa saa moja kutoka Harwick. Kendrell alitoka Alabama, na wiki yake ya kwanza Nebraska alionja viazi vya kantini, akaweka uma chini akaniuliza, "Nyie watu wa huku, chumvi mnaiogopa au mnadaiwa nayo?" Tukawa marafiki kuanzia hapo. Si marafiki wa kushikana mabega. Tulikuwa kama watu wawili wanaobeba kabati moja kwenye ngazi. Lazima ujue mwenzako anakanyaga wapi.

Msimu wetu wa pili tulishinda mechi tisa, jambo ambalo Harwick ilikuwa imelisahau. Januari, chuo kikubwa cha kusini kikaanza kumwita Kendrell. Wakati huo wachezaji wa vyuo walikuwa wameshaanza kulipwa waziwazi, na kwetu hela zilitoka kwenye mfuko wa wafadhili uliosimamiwa na Bwana Pruett, muuza matrekta. Pruett na Kocha Brannigan wakakaa na Kendrell siku mbili. Siku ya tatu ikatangazwa kwamba anabaki. Kiasi hakikutajwa, lakini kila mtu alikuwa na kiasi chake cha kutaja. Picha yake ikabandikwa kwenye bango kubwa karibu na kituo cha mafuta, meno yote nje. Akanunua gari jipya, pikapu nyeusi, na jambo la kwanza alilofanya nalo ni kutupakia sisi watano na kutupeleka kula nyama ya ng'ombe hadi mwenye hoteli akaja kutuangalia.

Sisi walinzi tulikuwa na posho pia, dola mia tisa kwa mwezi. Haikuandikwa popote. Mwezi Machi ikaingia mia tatu. Pruett akatuambia mwaka ni mgumu, bei ya mahindi imeanguka, wafadhili wake ni wakulima. Mimi mtoto wa mkulima nilijua bei ya mahindi imeanguka kweli, kwa hiyo nikaamini. Ukitaka kumdanganya mtu vizuri, mpe ukweli anaoujua.

Aliyeumia zaidi ni Iosefa Leota, aliyecheza upande wangu wa kushoto. Wazazi wake walitoka Samoa, yeye alikulia California, na sehemu ya posho yake ilikuwa inakwenda nyumbani kila mwezi. Hakulalamika. Akaenda kuomba kazi kiwanda cha nyama nje ya mji, akawa anapakia maboksi kuanzia saa kumi alfajiri, kisha anakuja mazoezini moja kwa moja, harufu ya baridi ya majokofu ikiwa bado nguoni.

Mazoezi ya mwezi Aprili ndiyo yaliyofichua mambo. Nilimpitishia Kendrell mpira, nikasikia upande wangu wa kushoto uko wazi, kama mlango uliosahauliwa. Mtu akapita pale bila kuguswa, akamkumba Kendrell ubavuni. Tulimsikia akitoa pumzi yote. Alipoweza kusimama alimwendea Iosefa.

"Umelala, Sefa? Sema tu, nikuletee mto."

"Ningelala kweli," Iosefa akasema. "Nipo macho tangu saa tisa usiku, kaka."

Kendrell alidhani ni mzaha. Akamwangalia, akaniangalia mimi. Mimi ndiye niliyemweleza habari ya kiwanda, na mia tatu, tukiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, yeye amejifunga barafu mbavuni. Macho yake yakaanza kwenda huku na huku. Ndivyo alivyokuwa uwanjani pia pale wapinzani walipobadilisha mpango, anahesabu watu.

Kesho yake alikwenda dukani kwa Pruett. Alinichukua niende naye, lakini akaniacha garini. Alikaa ndani dakika ishirini. Aliporudi aliweka mikono kwenye usukani na hakuwasha gari.

"Ni zangu," akasema.

"Nini zako?"

"Nyongeza yangu ya Januari. Imetoka kwenu. Nyie watano, na wale wakimbiaji wa akiba. Pruett kanionyesha mwenyewe, tena kwa fahari, kama mtu anayekuonyesha jinsi alivyofunga mzigo. Ananiambia, 'Tulikupangia kila kilichowezekana, kijana.'"

Nilitazama matrekta ya kijani yaliyopangwa mbele yetu. Nilichojisikia si hasira kwake. Ilikuwa aibu, na mpaka leo sijui kwa nini aibu ilikuja kwangu.

"Hukujua," nikamwambia.

"Sikuuliza."

Alikwenda kwa Kocha Brannigan jioni ile ile. Brannigan alikuwa mtu mwema kwa namna ya makocha. Alijua majina ya mama zetu wote. Akamwambia Kendrell kwamba kila mchezaji ana makubaliano yake, na mtu mzima hachungulii sahani ya mwenzake. Kendrell akamwambia anataka posho zetu zirudi palepale, na ziandikwe kwenye karatasi kama yake ilivyoandikwa. Vinginevyo dirisha la kuhama lilikuwa wazi kwa siku tisa zaidi.

Ndipo Pruett alipoitwa. Na Pruett, kama mfanyabiashara yeyote, alisikia neno moja tu katika yote yale, kwamba kotabeki hana furaha. Akaja na ofa ya kumwongezea Kendrell hela nyingine juu ya zile. Kendrell alinisimulia haya tukiwa tumekaa kwenye viti vya uwanjani, juu kabisa, upepo unatupiga. Alisema Pruett alimwambia, "Wewe ni kotabeki, si chama cha wafanyakazi."

Nikamuuliza lililokuwa linaniwasha tangu dukani. "Si ungetugawia mwenyewe? Zako si ndogo. Ungetoa kidogo kila mwezi, mambo yakaisha."

Alivuta kola ya jaketi kuzuia upepo.

"Nikiwalipa mimi, mtakuwa vibarua wangu," akasema. "Sefa akikosea nitamwangalia kama mtu niliyempa hela. Na yeye atajua ninavyomwangalia. Hapana, Toby. Walipwe na wanaowachezesha."

Lilikuwa jibu zuri. Lakini niliona pia kwamba lilikuwa jibu lililomwachia hela zake zote mfukoni, na yeye aliona kwamba nimeona. Kisha akaniambia kile chuo cha kusini kimepiga simu tena, na kiasi wanachotoa sasa. Alikitaja mara moja, haraka, kama mtu anayetaja ugonjwa.

"Usimwambie mtu yeyote sababu ya mimi kuondoka," akasema. "Nikianza kusema mambo ya mfuko wao, Pruett ataleta mawakili, na mimi bado sijasaini kokote. Nikishatulia nitasema mwenyewe."

Nilikubali. Siku ya saba aliondoka. Alipita chumbani kwangu asubuhi na boksi la viatu vyake vya mazoezi, akanipa mkono, akasema anakwenda. Nilimsindikiza hadi garini. Akaanza kunieleza habari za njia, kwamba atapitia Saint Louis, kwamba redio ya gari inasumbua.

Adhuhuri Kocha Brannigan akatukusanya wote. Akasema Kendrell aliomba hela zaidi na Harwick haikuwa nazo, na kwamba sisi tuliobaki ndio timu. Kila neno, ukilichukua peke yake, lingeweza kutetewa. Watu wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema alijua tangu aone ile pikapu. Mwingine akasema mbwa ukimnenepesha anahamia kwa mwenye mfupa mkubwa. Na aliyeongea kwa uchungu kuliko wote ni Iosefa. Alisimama, jitu zima lile, akasema, "Mimi nimevunjika vidole viwili kwa ajili ya yule mtu. Viwili. Hata kwaheri hakusema."

Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake. Ningeweza kusema. Nilijiambia nimetoa ahadi, na ni kweli nilikuwa nimetoa. Lakini nilikuwa pia na mwaka mmoja wa masomo uliobaki, unaolipwa na chuo kile kile, na Brannigan alikuwa anatutazama mmoja mmoja usoni. Ahadi ilikuja wakati mzuri, mtu akajifunika nayo.

Nilibeba jambo lile wiki tano. Kendrell alisaini kusini, akahojiwa kwenye runinga, akaulizwa kwa nini aliondoka Harwick. Akasema anawashukuru wote na anatazama mbele. Nilisubiri aseme lingine. Hakusema. Bango la kituo cha mafuta likafunikwa na tangazo la mbegu.

Siku ya Jumamosi moja nilikwenda kiwanda cha nyama, nikamsubiri Iosefa nje hadi zamu yake ilipoisha. Tulikaa kwenye ukingo wa saruji, yeye anakula mkate uliojazwa mayai, na nikamwambia yote tangu mwanzo, pamoja na kiasi alichopewa Kendrell kusini, pamoja na kimya changu mkutanoni. Hakuacha kula.

"Kwa hiyo aliondoka kwa ajili yetu," akasema mwishoni.

"Kwa sehemu."

"Na posho yetu imerudi?"

"Haijarudi."

"Yake imeongezeka?"

"Ndiyo."

Alifuta mikono, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Basi huko ndiko kuondoka kwa ajili yetu kunakokuja na faida." Kisha akanigeukia. "Na wewe je? Ulikaa pale ukanisikia nikimtukana."

Nikasema ndiyo.

"Hilo ndilo linaloniuma," akasema. "Yeye alikuwa mbali. Wewe ulikuwa viti viwili."

Alikunja karatasi ya mkate akaenda zake. Lakini Jumatatu aliwakusanya wale walinzi wengine watatu, akawaeleza, akanifanya nirudie mbele yao. Halafu akasema twende kwa kocha, wote watano, leo, kabla hatujaanza kuogopa. Tukaenda. Ofisi ya Brannigan ilikuwa ndogo, watu watano wa saizi yetu waliijaza hadi mwenyewe ikabidi asimame. Iosefa ndiye aliyesema. Hakupaza sauti. Alisema sasa hela ya kotabeki ipo, maana kotabeki hayupo, na sisi hatutaki yote, tunataka ile tuliyokuwa nayo, iandikwe. Akasema tukikosa, hatuhami. Tutabaki hapa hapa, lakini Agosti kotabeki mpya atapitishiwa mpira na mtu mwingine.

Ilichukua siku nne. Tulipata mia sita, na karatasi yenye sahihi. Zilizobaki zilikwenda kwa kotabeki mpya, kijana mpole wa Ohio ambaye mipira yake ilipaa kama kuku. Tulishindwa mechi saba mwaka ule. Iosefa aliacha kiwanda.

Kendrell alicheza kusini mwaka mmoja na nusu, si vibaya, si vizuri, kisha goti likamwachisha. Leo anauza bima katika mji wa Mobile, kwao Alabama, ana mtoto wa kike. Nilimpigia simu mara moja tu, miaka minne baadaye, nikamuuliza waziwazi: ilikuwa sisi au ilikuwa hela?

Nilimsikia akihama chumba, mlango ukafungwa.

"Ningekuwa najua ningeshakuambia," akasema. "Nikikumbuka alfajiri za Sefa, nilikuwa naondoka kwa ajili yenu. Nikiangalia ule mkataba, nilikuwa naondoka kwa ajili yangu. Siku nyingine asubuhi ilikuwa hivi na jioni vile. Siku niliyowasha gari sikumbuki ilikuwa zamu ya lipi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kwenye runinga.

"Ningeonekana mwema," akasema, "na sikuwa na hakika."

Nilimwambia tulikwenda kwa kocha, na tulichopata. Alifurahi kweli, nilisikia kwenye sauti, na akaniuliza mara mbili kama ile karatasi ilikuwa na sahihi.

Mwaka jana Iosefa alioa, California, kwenye uwanja nyuma ya kanisa la wazazi wake. Alinipigia kunialika, kisha akaniomba namba ya Kendrell. Nikampa bila kuuliza. Siku yenyewe nilimwona Kendrell amesimama getini na suti ya kijivu, amenenepa, anaangalia viatu vyake kama hajui aingie au arudi. Iosefa alimwona pia. Alimwacha bibi harusi katikati ya wajomba, akavuka uwanja wote, akamshika mkono akamleta mezani kwetu, tulipokaa walinzi wa zamani, akamsogezea kiti.

Mama yake Iosefa akapita na sahani za nguruwe aliyeokwa juu ya mawe ya moto, akauliza huyu kijana mwembamba ni nani, maana kati yetu bado alionekana mwembamba.

"Huyu tulikuwa tunamlinda, mama," Iosefa akasema.

Mama akamwongezea Kendrell nyama. Mmoja wetu akamuuliza kama bima yake inafunika magoti, watu wakacheka, na yeye akaanza kujibu kwa dhati, kifungu kwa kifungu, hadi tukamwambia ale kwanza.