Shamba la Mzee

Dija alipopewa talaka hakulia. Ndoa ya miaka thelathini na mmoja ilimalizwa kwa karatasi ya daftari, naye akasema alhamdulillahi. Lililompeleka mahakama ya mwanzo ni jingine: mtalaka wake, Mbaruku, alitaka aondoke Kiwangwa na nguo zake tu, ekari sita zibaki kwake. Pori lile walilinunua mwaka wa pili wa ndoa. Mananasi na mikorosho alipanda Dija, jembe mkononi, mtoto mgongoni. Mbaruku mwaka wa kumi huu alikuwa kwa bi mdogo huko Ubena, anaonekana msimu wa kuvuna tu. Kuvuna alikujua, hilo tusimnyime.

Siku ya kesi Mbaruku akaleta shahidi. Dija alipoona ni nani, nusura acheke. Zaina! Shoga yake, jirani wa mpaka mmoja, mla naye chumvi tangu usichana. Akajisemea, leo mwanamume huyu kajichimbia kaburi.

Zaina akaapa kwa Msahafu. Mbaruku akamwuliza kwa upole wa mtu anayelijua jibu:

"Bi Zaina, Dija akilitaja shamba lile, husemaje?"

Zaina akainamisha kichwa. "Husema shamba la Mzee."

"Umepata kumsikia akisema langu? Au hata letu?"

"Kusema kweli, sijapata."

Dija masikio yalimziba. Alitaka kupiga kelele kwamba ni uongo, akashindwa, kwa kuwa haukuwa uongo. Kungwi wake alimfunda hivyo: mke mwenye adabu hasemi "changu" mbele za watu. Basi nyumba ya Mzee, mbuzi wa Mzee, hata kuku aliyemnunua mwenyewe gulioni, wa Mzee. Alisema hivyo kwa majirani, akasema kwenye mkutano wa kijiji, akawaambia hata wanunuzi wa mananasi. Miaka thelathini na mmoja ya heshima, jamani, kumbe alikuwa akijitolea ushahidi dhidi ya nafsi yake!

Hakimu Katarina alimaliza kuandika. "Mama, una swali kwa shahidi?"

Dija akasimama. Neno "sina" lilikwisha kufika mdomoni. Ndipo akauona mkono wa Zaina uliokuwa bado juu ya Msahafu, na kovu la moto kwenye kiwiko.

"Shoga, kovu hilo ulilipata wapi?"

Zaina akashangaa. "Si siku ile moto uliporuka mpaka, mikorosho ikaungua? Tuliupiga kwa matawi mabichi, mimi na wewe."

"Watu walipokuja kutoa pole, walimpa nani?"

"Wewe. Pole hupewa mwenye kufikwa."

"Na Mzee?"

"Alikuwa Ubena, akapiga simu. Uliifungulia sauti, tukasikia uani wote." Zaina akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Alisema, 'Pole, Dija, shamba lako limeungua.' Tena akarudia, shamba lako."

Hakimu akamgeukia Mbaruku.

"Mzee, ulisema hivyo?"

"Mheshimiwa, yale... yale yalikuwa maneno ya kumliwaza tu."

"Kwa hiyo likiungua ni lake, likizaa ni lako?"

Hakuna aliyecheka. Mbaruku alikaa chini akijifuta uso kwa kofia yake, na Dija akabaki amesimama, asiamini kwamba sauti iliyouliza maswali yale ilikuwa yake.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki mbili. Nusu kwa nusu, na upande wenye mikorosho ukawa wa Dija. Alisikia, akaomba asomewe tena. Zaina alimshika mkono, akaanza kumwomba radhi, Dija akamkatiza: "Uliapa, shoga. Ulitaka useme nini?"

Alishuka gari Kiwangwa saa tisa alasiri, akaita bodaboda. Dereva alikuwa mgeni kidogo, ila njia za pale alizijua zote.

"Shikamoo mama. Nikupeleke wapi?"

"Marahaba. Nipeleke shamba la M..."

Akajirudi.

"Shamba la Dija," akasema, na uso ukamwaka kwa haya.

Dereva akakuna kichwa. "Shamba la Dija? Hilo silijui, mama. Ni jipya?"

Dija akapanda, akajifunga kanga vizuri.

"Lina miaka ishirini na tisa," akasema. "Twende, nikuonyeshe."