Kikao Kimehamishwa

Mkuu wa idara alipomwambia aandae mpango wa mwongozo mpya, mwandishi aliitikia kwa sauti ya mtu asiye na neno, kumbe moyoni alishatekwa na miaka ya nyuma. Mwongozo wenyewe ulihusu jambo alilolijua tangu ujana wake kazini: jinsi seva mbili, zile kompyuta zinazoendesha mfumo, zinavyonakiliana habari za mtumiaji, ili moja ikizimika ghafla nyingine iendelee naye pale pale alipofikia, asirudishwe mlangoni kuulizwa upya jina na nenosiri.

Mwongozo wa kwanza waliuandika wawili, yeye na fundi ambaye ofisi nzima ilimwita Taratibu, kwa vile alibonyeza kibodi kwa vidole viwili kama anayepapasa swichi gizani. Walikaa chumba cha mwisho kwenye korido, chini ya feni iliyotoa kelele nyingi kuliko upepo. Mwandishi alisoma hatua kwa sauti, na Taratibu akafanya kile tu alichosikia, hata kama alijua kimekosewa.

"Umesema nibonyeze, hujasema wapi," alizoea kusema, mikono kaiinua juu kama aliyekamatwa na polisi.

Walikuwa chanda na pete, na waligombana kutwa. Ugomvi mkubwa ulikuwa wa neno. Ule muda tangu mtu aingie kwenye mfumo mpaka atoke, uitwe nini? Taratibu alishikilia uitwe kikao. Mwandishi hakulipenda, ila hakuwa na la kwake, basi wakaliandika. Haikupita muda, karani wa mapokezi wa zahanati moja iliyotumia mfumo huo akaona kwenye skrini maneno "Kikao kimehamishwa." Mama wa watu akafunga dirisha, akawaacha wagonjwa kwenye foleni, akaenda kumuuliza mganga mkuu kimehamishiwa chumba gani. Habari zilipowafikia, Taratibu alicheka hadi akatoka nje kutafuta hewa.

Sasa Taratibu amestaafu, na mwandishi amekaa mbele ya ukurasa mtupu akiisikia sauti yake katika kila mstari anaotaka kuuandika. Mwishowe akapiga simu. Ikapokelewa na mke wa Taratibu.

"Wifi! Njoo umchukue huyu, ametuchosha humu ndani. Kila kukicha anatengeneza redio iliyo nzima." Kisha akateremsha sauti. "Ila usimkalishe sana. Mikono siku hizi haimtii."

Taratibu alikuja mchana, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Kabla ya kuketi aliomba wapite chumba chao. Kilikuwa kimejaa viti vilivyovunjika miguu, vimepandiana hadi dirishani. Alisimama mlangoni, asiingie.

"Feni wameitoa," alisema.

"Iliungua, kaka."

"Haikuungua ile. Ilichoka kutusikiliza."

Walicheka, halafu kila mmoja akaangalia upande wake.

Mezani, mwandishi alikuwa ametayarisha seva mbili za majaribio na rasimu ya mpango. Taratibu alinyoosha mkono kuelekea kibodi, vidole vikamtetemeka juu ya herufi, akaurudisha mkono mapajani. Mwandishi akamsukumia rasimu, akaivuta kibodi kwake.

"Leo wewe soma," alisema. "Mimi ndiye sijui kitu."

Fundi akavaa miwani na kuanza kusoma. Ziunganishe seva katika kundi moja. Hakikisha zinaonana. Washa huduma ya kunakili. Mwandishi alifanya kile tu alichosikia. Kisha akafungua programu ya mapokezi, akaingia, akaanza kumwandikisha mgonjwa wa kubuni, akazima seva ya kwanza.

Skrini ikamuuliza jina na nenosiri.

"Usinitazame mimi," Taratibu alisema, uso mkavu. "Nimesoma kilichoandikwa."

Mwandishi alijikuna kichwa. Alirudi juu, akapitia mstari kwa mstari, hadi akaliona: mpango mzima ulieleza seva, wala hapakuwa na mahali programu yenyewe ilipoambiwa kwamba habari za watumiaji wake zinakiliwe. Kwa mikono iliyozoea, hatua hiyo hufanyika yenyewe, na ndiyo maana kichwa huisahau. Akaandika sura mpya, akaitanguliza mbele ya zote: "Kabla ya kugusa seva, itayarishe programu." Baada yake, kwa ushauri wa Taratibu, akaongeza sura ya vitu visivyofaa kunakiliwa, kama picha nzito zinazozichosha seva bure.

Walirudia. Safari hii seva ilizimika na jina la mgonjwa likabaki palepale, nusu limeandikwa, linasubiri. Taratibu alipiga meza kwa kiganja.

"Na kikao umekiweka wapi?" aliuliza.

Swali hilo ndilo alilokuwa akiliogopa tangu asubuhi. "Nimelitoa neno hilo, kaka."

Taratibu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Hao mafundi wako wa siku hizi wanasemaje?"

"Wanasema sesheni."

Alilijaribu mdomoni, mara moja, halafu tena polepole. "Weka la kwao," alisema. "Wao ndio watakaoitwa mbio jambo likiharibika."

Mwandishi alipomrudisha Taratibu nyumbani, mkewe alikuwa getini. "Mmemaliza?"

"Mpango tu," Taratibu alijibu huku akimshika mkewe bega ili ashuke garini. "Kuandika ni juu yake. Wifi yako haondoki bila chai."

Mwandishi hakujivunga. Walikunywa kibarazani mpaka taa za barabarani zikawaka, wakiwataja wenzao wa zamani mmoja mmoja: aliyehama, aliyeoa tena, aliyefariki. Kesho yake asubuhi mwandishi alimpelekea mkuu wa idara mpango, ukiwa na majina mawili juu.

"Huyu wa pili ni nani?" mkuu aliuliza.

"Keti," mwandishi alimwambia, "nikueleze."