Friji ya Msusi

Msusi na mumewe dereva walipohamia ghorofani walinunua bonge la friji, ila gharama za umeme zikawashinda, basi wakaizima na ndani wakapanga sare za watoto zilizopigwa pasi. Jirani gani angejua?

Jumamosi jirani yao, mke wa meneja, akabisha hodi na beseni la nyama. "Shoga, friji yangu imekufa. Nihifadhie wiki moja tu, si yenu ipo?"

Msusi akajikaza kisabuni. "Ipo, dada, lete."

Mgeni alipoondoka, mume akaanza kutoa sare. "Si ungesema mbovu?"

"Juzi tu nimemsifia inavyogandisha."

Wakaiwasha. Wakazima feni, wakazima televisheni, wakakaa kuisikiliza ikinguruma.

"Umeme tulionunua hautafika hata Jumatano," mume akasema.

"Najua, baba watoto."