Mwaka wa Kwanza wa Nungu

Bi Msasa alikuwa akipiga pasi mashuka pale binti yake alipomsogezea simu usoni.

"Mama, hebu ona. Nungu anatimiza miaka hamsini."

"Nungu yupi?"

"Nungu wako, mama! Ile katuni. Kituo cha televisheni kina sherehe Jumamosi, wanazindua na ukuta wa kumbukumbu. Wameandika kwamba ilianza kurushwa mwaka 1976, na sauti ya kwanza ilikuwa ya yule mwimbaji marehemu."

Bi Msasa aliisimamisha pasi wima, polepole, kama mtu anayejijua kwamba akiendelea kuishika kidogo tu itaruka dirishani.

"Sabini na sita? Sabini na sita mimi nilishatimuliwa!"

Na alikuwa anasema kweli. Ile katuni ya mtoto wa nungunungu anayetafuta mtu wa kumkumbatia ilikuja kituoni ikiwa bubu, mikanda mitupu isiyo na sauti. Kituo kilikuwa kichanga, hakina mashine ya kurekodia. Basi wakamtafuta msichana mwenye koo la kukwaruza, wakamkalisha kwenye kachumba kadogo kenye blanketi mlangoni, mbele yake kioo na kipaza sauti. Kila jioni ya kipindi picha ilipoanza, naye alianza. Alikuwa Nungu, alikuwa mama yake Nungu, alikuwa mbweha, na mvua ikinyesha alikuwa mvua. Akikohoa, Nungu alikohoa. Akipiga chafya, watoto wa mji mzima walisema "afya!" Sauti ilitoka kinywani mwake ikaenda moja kwa moja majumbani kwa watu, haikubaki popote. Hapo ndipo alipopata jina la Msasa, na mpaka leo hata muuza maji humwita hivyo.

Halafu mashine ikaja. Ikaja pamoja na mwimbaji mwenye sauti laini kama siagi, akarekodiwa, na Msasa akaambiwa ahsante. Marehemu hakuwa na kosa, alikuwa mtu wa watu, na hakuwahi kujiita wa kwanza. Ila ghalani kanda ya kwanza ilikuwa yake, ya 1976, na kwa wenye kituo cha leo, kisichokuwa ghalani hakikuwahi kuzaliwa.

"Miaka mitatu," Bi Msasa alisema. "Miaka mitatu koo langu linatoka damu, leo naambiwa sikuwepo. Nitafutie viatu."

Mkurugenzi wa vipindi aliwapokea vizuri. Alikuwa mtu nadhifu, nywele nyeusi ti kama kiatu kilichotoka kupigwa dawa, na tabasamu la kukodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nungu ameanza mwaka 1973."

"Karibu ukae kwanza."

"Nimekaa nyumbani miaka yote hii, nimechoka kukaa. Nungu ameanza 1973, na aliyemsemesha ni mimi."

Mkurugenzi akaunganisha vidole vyake juu ya meza. "Mama yangu, sisi hapa tunakwenda na kanda. Kanda ya kwanza tuliyonayo ni ya sabini na sita."

"Hiyo ni kanda ya kwanza, siyo Nungu wa kwanza. Wewe ulizaliwa siku uliyopigwa picha?"

Binti akauma mdomo asicheke. Mkurugenzi hakucheka. Alisema kama wana ushahidi wa tarehe waulete kabla ya Ijumaa, maana fundi wa maandishi alikuwa ameshaanza kuupaka ukuta wa ukumbini. Alisema "ushahidi" kwa namna watu wanavyosema "pole" wakati mguu wao bado uko juu ya mguu wako.

Magazeti ya zamani hayakuwafaa kitu. Yaliandika tu "kipindi cha watoto", bila kusema ni watoto wa kufanya nini. Bi Msasa alirudi nyumbani amevimba. Alipika kwa hasira, akaosha vyombo kwa hasira, na alipokuwa anafunga bomba ndipo akapiga kelele.

"Salamu!"

"Salamu gani, mama?"

"Za siku ya kuzaliwa!"

Kila kipindi kilipokwisha, Nungu alimsalimia mtoto mmoja anayesherehekea siku ya kuzaliwa. Alimtaja jina, akataja umri, akamtania kidogo. Wazazi walikuwa wakipiga simu au wakileta vikaratasi. Mashine ilipokuja salamu zikafa, kwa sababu kanda haijui leo nani kazaliwa. Kwa hiyo kila mtu aliyewahi kusalimiwa na Nungu alikuwa kalenda yenye miguu. Chukua siku aliyozaliwa, jumlisha umri aliotajiwa, unapata tarehe.

Binti akasambaza ujumbe kwenye makundi yake yote. Hapo sasa Bi Msasa akagundua mji wake ni mji wa namna gani.

Mwenye duka la vitambaa alikumbuka kila kitu, hata gauni alilovaa. Lakini kwa cheti chake, Nungu alimsalimia kabla kituo hakijasimamisha mnara. Alipobanwa akacheka, akasema baba yake alimwongezea umri ili apokelewe shule mapema. Kocha mmoja, kwa cheti chake, alisalimiwa akiwa bado tumboni. Huyo alijipunguzia ili aendelee kuchezea timu ya vijana, na alichezea mpaka akaota kipara. Mwingine alikuwa na vyeti viwili, akauliza wanataka kipi.

"Hivi mji huu hakuna mtu hata mmoja aliyezaliwa siku yake?" Bi Msasa alifoka. "Mimi natafuta ukweli wangu kwenye gunia la waongo!"

Wakabaki na daktari wa meno, ambaye umri wake haukuwa umeguswa na mkono wa mtu, na wanawake wawili mapacha. "Mapacha ni wazuri," binti alisema. "Kudanganya umri lazima wakubaliane, na hawa hawajawahi kukubaliana jambo." Daktari alisalimiwa mwaka 1974. Mapacha walisalimiwa Oktoba 1973, wiki ileile Nungu alipoanza. Walikuwa wa kwanza kabisa, na mmoja alikuwa bado ana kinyongo kwamba Nungu alianza kumtaja mwenzake.

Bi Msasa alirudi kituoni akitembea kama askari wa gwaride, binti yake nyuma. Mkurugenzi alisikiliza, akasoma ujumbe wa mapacha na wa daktari, kisha akausukuma upande wa pili wa meza.

"Mama, watu wazima hukumbuka wanachotaka. Hizo salamu ni hadithi tu. Hakuna mtoto aliyewahi kusalimiwa na Nungu."

Alilisema upesi mno. Bi Msasa akamtazama. Akamtazama tena, akaziondoa zile nywele nyeusi kwa macho, akauondoa na mwili, akabakisha masikio.

"Wewe," alisema. "Wewe si mtoto wa opereta wa simu? Ulikuwa unakaa chini ya meza ya mama yako, pale kwenye nyaya. Nilikusalimia mwenyewe mwaka uleule wa kwanza, ulipotimiza miaka saba! Ulikuwa na pengo mbele, Nungu akakwambia usitafune miba yake."

Mkurugenzi akashika kalamu, akaiweka, akaishika tena.

"Umenifananisha, mama. Mwaka 1973 mimi nilikuwa na miaka miwili."

"Miwili?"

"Miwili. Nina kikao, samahani."

Walipofika kwenye korido binti akamshika mama yake mkono. "Mama, ngoja. Kama alitimiza saba mwaka ule, mwaka huu anatimiza sitini. Anatakiwa kustaafu."

Bi Msasa akasimama katikati ya njia, mpaka mtu aliyebeba viti akalazimika kumzunguka. Ikamwingia. Nungu akianza 1973, kuna salamu. Kukiwa na salamu, kuna mtoto wa miaka saba. Kukiwa na mtoto huyo, kuna mzee wa miaka sitini anayekalia kiti kisicho chake.

"Amejipunguzia miaka yake," alisema, sauti yote ya msasa ikiwa nje, "halafu akaona haitoshi, akapunguza na yangu!"

Mama yake mkurugenzi alikuwa anaishi nyuma ya soko la mitumba, nyumba yenye mlango wa kijani. Alikuwa amezeeka mwili, lakini kinywa kilikuwa kilekile.

"Shoga! Bado unakwaruza?"

"Nakwaruza. Na mwanao ndiye anayenikwaruza."

Bi Msasa alieleza yote, hakupunguza wala hakutia chumvi. Yalikuwa na chumvi ya kutosha. Mwenyeji wake alisikiliza ameshika shavu.

"Shoga," alisema mwishoni, "ulimsalimia. Mimi mwenyewe nilikuletea kikaratasi. Lakini unaniomba nikamchongee mwanangu? Mimi ni mama. Kijana ana madeni, ana watoto chuoni. Kujipunguzia miaka miwili mitatu nani hajafanya?"

"Mitano," binti akasema taratibu. "Kwa hesabu yake amezaliwa sabini na moja."

"Ngapi?"

"Sabini na moja, mama."

Mkono ukashuka kutoka shavuni.

"Baba yake alikufa sitini na nane," mama yule alisema.

Binti akaanza kuhesabu vidoleni, akaacha.

"Nilimzika mume wangu sitini na nane, nikiwa na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Sikuolewa tena. Sikutazama mwanamume. Watu walinisema nina maringo!" Alikuwa ameshasimama, anatafuta kitambaa cha kichwa. "Sasa kwenye makaratasi ya serikali mimi nimezaa na nani? Na maiti? Au na jirani? Shoga, nishike mkono. Twende."

Waliingia ofisini kwa mkurugenzi bila kugonga. Katibu muhtasi alijaribu kusimama mlangoni, akaona ni afadhali akae.

"Mama? Umekuja na nini? Ungenipigia..."

"Kaa chini. Baba yako ni nani?"

"Mama, jamani..."

"Nauliza mimi niliyekuzaa, tena sitini na sita, mvua inanyesha, mkunga kachelewa! Nani alikuwa baba yako mwaka sabini na moja? Nitajie huyo bwana, maana mimi simjui!"

"Mama, punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie! Nilikuwa opereta wa hapahapa, kazi yangu ilikuwa watu wasikiane. Umenivua nguo, wewe. Umemuua baba yako kabla hajakuzaa. Na huyu dada yangu aliyekuwa anakupa karanga chini ya meza umemwambia hakuwepo!"

Mkurugenzi akakunja uso, na ghafla, chini ya zile nywele, akaonekana umri wake wote kwa mara moja.

"Mama, nikisema Nungu alianza sabini na tatu, watauliza nimejuaje. Watawatafuta waliosalimiwa, na wapo wanaokumbuka kwamba Nungu alimsalimia mtoto wa opereta akitimiza miaka saba." Akamgeukia Bi Msasa. "Nielewe. Nikistaafu leo nitakula nini?"

Bi Msasa alikuwa amejitayarisha kumwonea huruma, kidogo, kwa ajili ya shoga yake. Ikakataa kuja.

"Mimi nilistaafishwa nikiwa na miaka ishirini na mitatu," alisema. "Sikupewa hata kikombe cha chai. Nimefua nguo za watu, nimeuza mkaa, nimelea. Hukuniuliza nimekula nini. Sikuja kukufukuza kazi, hayo ni yako na mama yako. Mimi nimekuja kwa ajili ya mwaka wangu. Urudishe."

"Na hayo mengine," mama yake akaongeza, "Jumatatu asubuhi tunakwenda wote wawili kwenye ofisi ya utumishi. Nitakufungulia mlango mwenyewe."

Hakubisha tena. Alipita mbele yao, wakashuka ngazi, wakaingia ukumbini. Fundi wa maandishi alikuwa juu ya ngazi yake ya mbao anamalizia. Nungu alichorwa pale mkubwa kama mlango, mikono wazi, na chini yake 1976 kwa rangi nyekundu.

"Fundi," mkurugenzi alisema akiangalia sakafu. "Futa sita. Weka tatu."

"Sabini na tatu? Mabango yote yanasema miaka hamsini, bosi."

"Mabango yamekosea."

Fundi akafuta, akaandika, akajivuta nyuma kutazama. "Na sauti ya kwanza? Niliambiwa niandike marehemu."

"Marehemu mwache palepale," Bi Msasa akasema. "Muandike sauti ya kwanza kurekodiwa, ni haki yake. Juu yake niandike mimi."

Akamtajia jina lake, la baba yake na la babu yake, polepole, kila moja mara mbili, ili asije akasingizia hakusikia. Fundi akapima ukuta kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Nafasi haitoshi, bibi. Majina matatu ni marefu. Chini kumejaa, kuna jina la mkurugenzi na cheo chake, hapa mpaka hapa."

"Nimeona. Herufi zake kubwa kuliko za Nungu."

Fundi akamtazama mkurugenzi. Mkurugenzi akamtazama mama yake, na mama yake alikuwa amekunja mikono anasubiri, kama alivyokuwa akisubiri zamani mtoto ajifunge kamba za viatu mwenyewe. Mwishowe akaitika kwa kichwa, mara moja tu.

Fundi akashuka ngazi, akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akaanza kulisugua lile jina kutoka mwisho kurudi mwanzo. Bi Msasa akavuta kiti, akakaa mbele ya ukuta.

"Sugua vizuri," alisema. "Sina haraka."