Nyaguthii Alipoacha Kutembea

Sukari ya mimba ilimrudia mke wangu Nyaguthii katika mimba ya pili, na mimi nilichangia.

Baada ya kumzaa Lennox, sukari ilishuka yenyewe. Nesi akamwonya kwamba inaweza kurudi, hivyo apunguze uzito kabla ya kushika mimba nyingine, na atembee kila siku. Nyaguthii akaanza kwenda sokoni Mukurweini kwa miguu, kilima baada ya kilima. Akapungua kilo sita.

Mimi ni mtu wa boda. Siku moja alipita mbele ya steji yetu, pale tunaposubiri abiria, akitokwa na jasho, na mwenzangu Gachanja akapaza sauti.

"Gathogo, ati bibi yako anatembea na wewe uko na pikipiki? Ama umemfukuza?"

Steji nzima ikacheka. Jioni nikamwambia Nyaguthii asiniaibishe tena. Akitaka kwenda mahali, anipigie simu.

"Baba Lennox, ni nesi alisema."

"Nesi hakai steji."

Akaacha. Nilimbeba kwa pikipiki miaka miwili. Kilo zote zikarudi, zikaongezeka nyingine, kisha akashika mimba na sukari ikapanda.

Mtoto alikuwa na kilo tano kasoro kidogo. Bega lilikwama akizaliwa. Sasa ana miezi kumi na minne na mkono wake wa kulia hauinuki. Mama yake, kisukari hakikuondoka safari hii. Anajidunga sindano mbili kila siku, mia saba na thelathini kwa mwaka.